Sijapoa

Dokta Apaikunda alikuja saluni na keki, na Mwajabu alipoiona tu akajua kuna jambo. Watu wa Taasisi hawaleti keki bure. Mara ya mwisho kuleta keki walikuwa wanataka kumpiga picha akilia, na alipowaambia machozi hayapo, wakamwomba basi angalau ajifute macho.

"Karibu, Dokta. Kaa hapo kwenye benchi."

"Tungeweza kuongea nje kidogo?"

"Sema hapahapa. Huyu mama kichwa chake kiko mikononi mwangu, haendi popote."

Mama aliyekuwa anasukwa akajitia kusinzia. Mwajabu akaendelea kuvuta nywele, mstari baada ya mstari, akiwa amesimama. Hilo la kusimama lisipite hivihivi. Mwaka wa mafuriko ukuta wa jirani ulimwangukia hapahapa Morogoro, ukamvunja mgongo, na tangu siku hiyo hadi alipopandikizwa Daraja alikuwa mtu wa kiti mwendo. Daraja ni kidude cha ukubwa wa punje ya kunde, kimelala chini ya kovu lake la mgongoni. Kinapokea amri juu ya pale palipokatika, kinaivusha, kinaifikisha miguuni. Kila asubuhi anakiamsha kwa sauti yake mwenyewe, kwa neno moja, kwa sababu sheria inakataza mtu kuendesha miguu ya mwenzake. Sheria hiyohiyo, kwa bahati mbaya, haikusema lolote kuhusu kuizima.

"Mwangwi wako umefifia," alisema Dokta, akiiweka keki juu ya kabati la mafuta ya nywele.

"Umefifiaje?"

"Wafadhili hawasikii kitu. Wiki iliyopita tulifungua dakika chache ulipokuwa unatoka sokoni. Unajua kilichowafikia? Nyanya. Ulikuwa unawaza nyanya."

"Zilikuwa zimepanda bei."

Dokta hakucheka. Alikuwa mwanamke mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na Mwajabu alikuwa akimpenda, jambo ambalo lilizidi kumtatiza. Huyu ndiye aliyekaa naye siku nzima ya operesheni. Huyu ndiye aliyelia kweli, bila picha, siku kidole gumba cha mguu kilipocheza. Lakini huyuhuyu pia ndiye aliyeubuni Mwangwi, baada ya kuchoka kubisha hodi kwenye ofisi ambazo zilimpa chai na ahadi. Daraja, pamoja na kupeleka amri miguuni, lilikuwa linasoma hisia za mwenye miguu, furaha ikiwemo. Dokta akaona, kwa nini furaha hiyo isimfikie aliyetoa mchango? Basi wafadhili wakavishwa bangili. Mtu yuko mezani kwake Dodoma, ametulia, mara anasikia magoti yake yanasimama kwa mara ya kwanza baada ya miaka, moyo unapanda hadi kooni, machozi yanamtoka. Waliowahi kuvaa bangili ile wanasema hakuna kinywaji kinachofika hapo. Watu wakatoa, wakarudia kutoa, na maabara ikapata paa.

Tatizo ni kwamba binadamu huzoea. Aliyetembea kwa mara ya kwanza hutetemeka. Aliyetembea mwaka mzima huwaza nyanya.

"Kwa hiyo mnataka nini? Nijifanye nafurahi?"

"Mwangwi hauwezi kudanganywa." Dokta akashusha sauti, kana kwamba yule mama aliyejitia kusinzia hakuwa amekwisha kutega masikio yote mawili. "Tunataka kukupumzisha. Wiki moja tu kabla ya chakula cha hisani. Jumamosi ile tunakufungulia, unasimama mbele yao, na inakuwa mara ya kwanza tena."

Mikono ya Mwajabu ikasimama.

"Kunipumzisha. Mimi nimewaambia nimechoka?"

"Mwajabu..."

"Sema kunizima, Dokta. Neno lipo. Mnataka kunizima kama jokofu, kisha mniwashe watu wasikie linavyonguruma."

"Maabara ya mikono inafungwa," alisema Dokta, naye sasa amepandisha sauti. "Unasikia? Miguu wanaifadhili, mikono hawaitaki, maana mtu akishika kikombe bangili haitingishiki sana. Nimewaomba wakubali awamu moja tu ya mikono. Wamesema watakubali siku wakisikia tena kama walivyosikia siku yako ya kwanza. Kobelo ameshapandikizwa. Unataka nimwambie nini Kobelo?"

Hapo alipiga penyewe, na alijua amepiga penyewe. Akainuka, akakung'uta sketi.

"Pole kwa usumbufu," alisema mlangoni.

"Asante," alijibu Mwajabu.

Angejibu vingine kama angekuwa mtu mwingine. Mtu yeyote ukimwambia pole anajibu nimeshapoa, hata kama damu bado inamchuruzika. Lakini kamati ya mahusiano ya Taasisi, ilipokaa kuchagua neno la kuamshia Daraja, iliona itapendeza sana ukumbi mzima ukisema "Pole!" na mgonjwa akajibu "Nimeshapoa!" akasimama. Wakapiga makofi, wakapitisha. Katika watu wote wale wenye shahada, hakuna aliyejiuliza Mtanzania analitamka neno hilo mara ngapi kwa siku. Mwajabu alikwenda kwenye msiba wa shangazi yake, akapewa pole kuanzia getini, akajibu alivyolelewa, na kila alipojibu Mwangwi ukafunguka, ingawa Dokta alikuwa amemwahidi kwamba siku hiyo hawatasikia kitu. Wafadhili, wengine wakiwa kwenye harusi, wakashikwa na kilio cha shangazi wasiyemjua. Malalamiko yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko msiba. Tangu hapo Taasisi iliweka kufuli, Mwangwi ukawa unafunguliwa na wao tu, na Mwajabu akaonywa asilitapanye lile neno. Majirani waliosikia anajibu "asante" kavu walisema miguu imempa maringo.

Yule mama akafumbua macho.

"Usikubali," alisema.

"Wewe tulia, nisije nikakuvuta nywele."

*

Fundi Kobelo alikuwa uani kwa dada yake, kivulini, redio ikimwimbia. Zamani alikuwa fundi wa umeme. Alianguka kutoka kwenye nguzo, akavunjika shingo, na kuanzia mabegani kushuka chini mwili ulimwacha. Mdomo haukumwacha.

"Kuna nzi puani kwangu," alisema kabla ya salamu. "Amekaa tangu taarifa ya habari. Nimeshamzoea, nilikuwa nafikiria kumpa jina."

Mwajabu akamfukuza nzi, akamkuna pua, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamweleza yote. Alieleza kwa hasira, mikono ikiruka, akitarajia mwenzake atakasirika naye. Kobelo alisikiliza hadi mwisho.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu? Kobelo, watu wanataka kuninyang'anya miguu ili wanirudishie mbele ya kamera!"

"Kwa wiki moja."

"Hata kwa saa moja!"

"Mwajabu." Aligeuza macho, kwa kuwa shingo haikumgeukia vizuri. "Wewe una miguu ya kukataa. Nikuambie mimi nina nini? Walinifanyia jaribio mwezi uliopita. Kijana wa maabara alinifungulia, akaweka kalamu hapa kiganjani, nikafunga vidole. Nikaishika. Nilishika kalamu, Mwajabu, wala sikuwa na la kuandika. Kisha wakafunga kufuli, wakasema tusubiri Jumamosi, mara ya kwanza ya kweli iwe mbele ya watu."

"Wamekufungia mkono wako mwenyewe?"

"Ulikuwa haufanyi kazi hata hivyo. Nimezoea."

"Na unawaachia?"

"Niwafanye nini, niwapige?" Akacheka, kisha uso ukamgeuka. "Stumai ananilisha vizuri, sina neno naye. Lakini ananilisha anavyoona yeye. Nikitaka kuanza na nyama, ananianzia ugali. Nikitaka kupumua, kijiko kimeshafika. Mtu mzima mimi, nimepanda nguzo za mkoa huu wote, sijui lini nilichagua tonge langu mwenyewe. Na nyuma yangu kuna wengine wanaosubiri mikono, wamejaa wodi nzima. Wewe tembea. Walie, wafute kamasi, watoe. Heshima yako utairudia Jumapili."

Mwajabu alimtazama. Alitaka kumwambia kwamba heshima haiwekwi rehani namna hiyo. Lakini aliyaona yale mapaja na mkono uliolala juu yake kiganja juu, ambao sasa ulikuwa unaweza kushika na haukuruhusiwa.

"Kwa ajili yako," alisema. "Si kwa ajili yao."

"Vyovyote. Nikune tena, upande wa kushoto."

*

Wakamzima Jumamosi iliyotangulia. Hakusikia maumivu. Aliamka asubuhi, akasema "Nimeshapoa" kama kawaida yake, akaanza kushusha miguu kitandani, na miguu haikumjua.

Wiki ile Mwajabu alijikaza kisabuni. Kiti mwendo chake cha zamani kilikuwa kimehifadhiwa nyuma ya mlango, matairi yamelala. Saluni ina ngazi mlangoni, kwa hiyo alisukia nyumbani, wateja wakikaa mkekani. Waliomuuliza aliwaambia ni mafundi. Hakuwaambia kwamba kila akiutazama ule mlango wa saluni mwili ulikuwa unamsihi asimame, kwamba alianza kuota anapanda ngazi, kwamba siku ya Alhamisi alijikuta akilia kwa hamu ya kwenda tu sokoni kununua nyanya. Hicho ndicho kilichomuudhi kuliko yote. Dawa yao ilikuwa inafanya kazi. Walimjua. Walikuwa wanailimbikiza hamu yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kibuyu chao.

*

Chakula cha hisani kilikuwa cha mchana, kwenye ukumbi wa hoteli ulioangalia milima ya Uluguru. Bango lililotandazwa juu ya jukwaa lilisema SIKU YA KUWAINUA WASIOJIWEZA. Mwajabu alilisoma akiwa mlangoni, akalisoma tena. Wasiojiweza. Yeye aliyelisha wadogo zake kwa kusuka akiwa kwenye kiti, hajiwezi. Bwana aliyeshindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji pale meza ya mbele, akamwita mhudumu amfungulie, huyo anajiweza.

Kisha akaliona jukwaa lenyewe. Lilikuwa na ngazi tatu pana, zimezungushiwa maua. Njia ya kupitisha kiti mwendo haikuwepo, kulia wala kushoto wala nyuma. Siku ya kuwainua wasiojiweza, na hakuna aliyefikiria watapandia wapi. Kwenye ratiba Mwajabu alikuwa anashuka zile ngazi kwa miguu yake, basi fundi seremala akaambiwa njia ya nini.

Walimpandisha walinzi wawili, nyuma ya pazia, yeye na kiti chake, kama gunia la mkaa. Mmoja alimwambia "Pole, mama." Mwajabu akanyamaza.

Nyuma ya pazia alimkuta Stumai, dada yake Kobelo, amejibanza karibu na waya za spika, anafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kuna nini?"

"Hamna kitu."

"Stumai."

"Hajala," alisema Stumai. "Tangu jana mchana. Jana jioni walinipigia, wakasema nisimpe kitu. Asubuhi nilimpa maji tu. Nilipomwambia ni dhambi, akanifokea yeye mwenyewe, akasema niache, nisimharibie. Sasa wamemweka mbele pale na sahani ya pilau chini ya pua. Anaisikia harufu tangu saa nne."

Mwajabu akasogeza pazia. Kobelo alikuwa chini, mbele ya meza zote, kwenye kimeza chake peke yake kilichotandikwa kitambaa cheupe. Sahani ilikuwa inatoa mvuke. Mkono wake wa kulia walikuwa wameulaza kando ya sahani, kiganja juu, na kamera imeinama kuutazama. Alikuwa anameza mate, na kila akimeza koo lilionekana.

Dokta Apaikunda alikuja haraka, kishikwambi mkononi.

"Tayari? Nimekufungulia kufuli. Ukisema neno, miguu na Mwangwi vinaamka pamoja."

"Mmemshindisha Kobelo njaa."

"Njaa kidogo tu. Tonge la kwanza likimkuta ameshiba halitafika kwenye bangili. Nilikuambia mikono ina Mwangwi mdogo. Na alikubali mwenyewe, ametia sahihi. Yaani, dada yake amemtilia."

"Nani alibuni hilo?"

"Mwajabu, muda umekwisha."

"Nani?"

"Kamati." Dokta hakumtazama usoni. "Walikuwa na wasiwasi. Lakini wewe ulipokubali kuzimwa bila matatizo, wakaona kumbe inawezekana."

Mwajabu alikufa ganzi hata sehemu zile ambazo hazikuwa na ganzi. Kumbe ile "ndiyo" yake, aliyoitoa kwa ajili ya Kobelo, ilikuwa imetumwa kwenda kumnyima Kobelo chakula. Leo njaa. Mwakani itakuwa nini? Watamfungia mtu macho aliyekwisha kuona? Watamnyamazisha bubu aliyekwisha kusema, wasubiri hadi kiu ya kusema imkabe koo, ndipo wamfungulie mbele ya pilau?

Pazia likafunguka.

Makofi yalikuwa makubwa. Mshereheshaji, kijana wa suti ya kumetameta, alizunguka kiti chake mara mbili na kumvisha vilemba vya ukoka: shujaa wetu, nyota wetu, dada yetu ambaye majuzi mitambo ilimwangusha tena. Mitambo! Kando ya jukwaa alisimama Bwana Kisaka, mfadhili mkuu, mwenye malori, amekumbatia hundi kubwa ya maonyesho. Hundi zenyewe zilishakufa zamani, hata benki hazizikumbuki, ila ule ubao wa kupigia picha haukufa. Wa leo ulikuwa wa plaiwudi nene, mrefu kuliko mlango, na nusu yake ilikuwa picha ya Bwana Kisaka akitabasamu.

"Ndugu zangu, bangili zote juu! Tumwambie kwa pamoja!"

"Poleee!" ukumbi ukaitika.

Mwajabu alisikia joto dogo mgongoni, chini ya kovu. Daraja lilikuwa macho, linamsubiri. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, maana ndivyo alivyolelewa, na mwili mzima ulikuwa unalivuta litoke. Angelisema angesimama. Angeshuka zile ngazi, angekwenda hadi kwa Kobelo, na kesho angepanda za saluni. Alitamani hivyo hadi akayakaba magurudumu kwa mikono miwili. Na hamu ile yote, wiki nzima ya hamu, ingemwagika kwenye mikono ya watu hawa, wailambe, waipigie makofi, kisha waulize mwakani kuna nini.

Akauvuta ule mkono wa mshereheshaji wenye kipaza sauti.

"Sijapoa," alisema.

Watu wakacheka kidogo, wakidhani amekosea. Mshereheshaji akamwinamia. "Nimeshapoa, dada. Sema nimeshapoa."

"Nimekusikia. Sijapoa. Mitambo haikuniangusha. Walinizima makusudi ili leo mfurahie kuniona nawaka. Miguu hii iko tayari sasa hivi, limebaki neno moja, na neno hilo siwapi."

Bwana Kisaka aliitikisa bangili yake, akaiweka sikioni. "Dokta, mbona yangu kimya?"

"Haijaharibika, mzee," alisema Mwajabu. "Ni mimi niliyenyamaza."

Kimya kikatanda, cha aibu zaidi kuliko cha heshima. Mshereheshaji hakulipwa kwa ajili ya kimya. Akaruka chini kutoka jukwaani kwa zile ngazi, ngazi zote tatu kwa mkupuo, akakimbilia kwenye kile kimeza cheupe.

"Basi tumpumzishe dada yetu, ana uchovu! Leo tuna zawadi mbili! Fundi Kobelo, ambaye kwa mara ya kwanza atakula kwa mkono wake mwenyewe! Tumwambieni!"

"Pole, Fundi!" ukumbi ukaitika, kwa furaha ya watu waliookolewa.

Kutoka juu Mwajabu aliweza kuuona uso wote wa Kobelo. Alikuwa anaiangalia sahani, kisha akainua macho akamwangalia yeye, na kwenye macho yale hapakuwa na urafiki. Mwajabu alikuwa amemharibia. Aliijua hasira ile, ilikuwa yake ya wiki nzima. Moyoni akamwambia: sema, Kobelo. Sema ule. Mkono ni wako, njaa ni yako, mimi sitakulaumu hata siku moja. Vidole vya Kobelo vilikuwa pale, kando ya wali, na kati yao na nyama palikuwa na neno moja tu.

Kobelo akafungua kinywa, akakifunga. Akafungua tena.

"Stumai!" aliita. "Dada yangu yuko wapi? Njoo unilishe."

"Hapana, Fundi!" Mshereheshaji alicheka kwa nguvu. "Leo unakula mwenyewe!"

"Sijala tangu jana mchana." Sauti ya Kobelo haikuhitaji kipaza sauti, ilikuwa ya mtu aliyezoea kuongea na wenzake kutoka juu ya nguzo. "Waliniambia nikae na njaa ili ninyi msikie utamu. Nilikubali. Mimi mjinga, nilitaka mkono. Stumai, njoo bwana, pilau linapoa."

Mwanamke mmoja wa meza ya tatu alivua bangili, akaiweka karibu na glasi yake kwa ncha za vidole. Wengine walimfuata. Wengine hawakumfuata, waliketi wakiwa wamekasirika kwelikweli, kama watu waliouziwa kitu kibovu. Meza za nyuma waliendelea kula.

Dokta Apaikunda alipanda jukwaani. Alikuwa analia, na safari hii tena hapakuwa na picha.

"Umejua ulichokifanya?" alinong'ona. "Wodi nzima, Mwajabu. Wodi nzima."

"Najua. Na wewe umejua?"

"Sema neno ushuke, tumalize. Nitafunga Mwangwi, hawatasikia."

"Ulisema hivyohivyo kuhusu msiba wa shangazi."

"Sasa utashukaje?"

"Hilo swali mngemuuliza fundi seremala."

Walinzi wawili wakaja. Mwajabu akawaambia kwamba atakayemgusa atamng'ata, na walivyomtazama usoni wakaona hatanii, wakabaki wamesimama na mikono yao. Akazungusha macho ukumbini, yakatua kwenye ubao.

"Mzee Kisaka, hundi yako ni ya mbao gani?"

"Hii?" Bwana Kisaka aliiangalia kana kwamba ameiona sasa. "Plaiwudi."

"Nene?"

"Nene."

"Ilete hapa kwenye ngazi."

Alisimama kidogo, mtu mkubwa, mwenye malori yake, watu wote wanamtazama. Labda aliona aibu, labda alitaka tu mambo yaishe. Akayapiga teke maua, akaulaza ubao juu ya ngazi, akapiga goti na kuushikilia kwa mikono miwili usiteleze. Walinzi wakaenda kumsaidia kwa pembeni. Mwajabu aligeuza kiti, akashuka kinyumenyume, taratibu, mikono yake mwenyewe ikiyazuia magurudumu, akipita juu ya jina la kampuni, juu ya tabasamu, juu ya zile sifuri nyingi. Ubao ulilia lakini haukuvunjika.

Hakusimama kwa mtu mwingine yeyote hadi kwenye kile kimeza cheupe. Stumai alikuwa anaharakisha, wali unamwagika kwenye shati la kaka yake. Mwajabu akamwondolea sahani, akanawa kwenye glasi ya maji.

"Tuanzie wapi?" aliuliza.

"Nyama."

Akamlisha nyama. Kobelo alitafuna kwa pupa, macho mekundu, akameza, akadai nyingine. Kamera bado ilikuwa imeinamia mkono wake uliolala, kiganja juu.

"Umenikosesha mkono," alisema mdomo ukiwa umejaa.

"Najua."

"Hujui. Wewe unakula mwenyewe."

Mwajabu alikusanya wali, akaubonyeza ukawa tonge zuri, akalishikilia mbele ya kinywa chake, akasubiri apumue kwanza. Nyuma yao Dokta alikuwa amesimama na kishikwambi, kufuli la mkono wa Kobelo bado halijafungwa, na Kobelo alijua halijafungwa. Wote walijua.

"Pole, Kobelo," alisema Mwajabu.

Kobelo alilitazama lile tonge, akautazama mkono wake, kisha akamtazama yeye.

"Sijapoa," alisema, akafungua kinywa.